Wapolandi Katika Vita na Uhamishoni Tanganyika: Habari Itazamwayo Kutoka Mara

Makala haya yakusudia kueleza habari za Wapolandi katika Vita Kuu ya Pili: jinsi nchi yao ilivyotekwa na maadui wawili kwa mwezi mmoja, jinsi maelfu yao walivyohamishwa kwa nguvu mpaka Siberia, na jinsi sehemu yao ilivyofika Afrika ya Mashariki na kukaa miaka kadhaa chini ya mlima Meru. Habari hizo zimeandikwa sana na Wapolandi wenyewe. Wamezieleza kama historia ya taifa lililopoteza nchi na kuhifadhi lugha yake, nao wana haki kueleza hivyo. Lakini kuna upande wa pili ambao kwa kawaida hupitwa upesi, yaani upande wa wenyeji wa nchi iliyowapokea. Twadai hapa kwamba hifadhi waliyoipata Wapolandi ilikuwa ya kweli na iliokoa maisha, ila haikutolewa na wenye nchi, kwa kuwa wenye nchi hawakuulizwa. Tofauti hiyo ina maana kubwa, na athari yake yaonekana katika historia ya Tanzania mpaka leo.

Msomaji wa Musoma, Bunda au Butiama aweza kuuliza kwa nini habari ya Tengeru itazamwe kutoka Mara, hali hapakujengwa kambi yoyote ya Wapolandi katika mkoa huo. Jawabu ni kwamba vita vile vile vilivyomleta mjane wa Kipolandi Arusha vilimtoa kijana wa Kikurya nyumbani kwake na kumpeleka Burma. Tena, kijana mmoja wa Butiama aliyekuwa mwanafunzi wakati wa vita hivyo ndiye aliyekuja baadaye kuamua, kwa niaba ya nchi huru, mgeni aliyekimbia kwao apokewe namna gani. Kutoka Mara, basi, pande zote mbili zaonekana.

1. Mataifa yaliyogawanywa

Polandi haikuanza kupoteza uhuru wake mwaka wa 1939. Katika miaka ya 1772, 1793 na 1795 ilikuwa imegawanywa mara tatu na majirani zake, yaani Urusi, Prussia na Austria, hata ikafutika katika ramani ya Ulaya kwa miaka 123. Ilirudi kuwa dola mwaka wa 1918. Muda wote huo taifa liliishi bila serikali yake, na kilicholifanya liitwe taifa kilikuwa lugha, dini, mashairi na kumbukumbu. Ndiyo sababu Mpolandi huihesabu shule kuwa ngome, na kila adui aliyemtawala alianza kwa kuigusa shule.

Jambo moja halikumbukwi mara nyingi. Mpaka Vita Kuu ya Kwanza, Mpolandi wa Poznań na Mzanaki wa Butiama walikuwa chini ya mfalme mmoja, Kaisari wa Ujerumani. Sehemu ya magharibi ya Polandi ilikuwa mali ya Prussia, na nchi ya kandokando ya Ziwa Viktoria kutoka Mwanza mpaka Musoma ilikuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mpolandi aligawanywa na wafalme watatu katika karne ya 18. Mkurya aligawanywa mwishoni mwa karne ya 19, kwa mstari uliochorwa na Wajerumani na Waingereza, ambao leo wawaacha Wakurya wengine Tanzania na wengine Kenya. Hatusemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa kwa kila hali. Tunalosema ni kwamba kugawanywa bila kuulizwa hakukuwa jambo geni kwa upande wowote wa hao waliokutana baadaye Afrika.

2. Chini ya maadui wawili

Tarehe 23 Agosti 1939, Ujerumani ya Hitler na Urusi ya Stalin zilitia sahihi mkataba wa kutoshambuliana, na katika sehemu yake ya siri ziligawana Polandi. Wajerumani waliingia kutoka magharibi tarehe 1 Septemba, na Warusi kutoka mashariki tarehe 17 Septemba. Kabla ya majuma sita kutimia dola ya Polandi ilikuwa imetekwa yote. Serikali yake ilihamia Ufaransa, kisha London, ikaendelea na vita kutoka ugenini.

Upande wa Wajerumani, nia haikuwa kuitawala Polandi kama nchi nyingine zilizotekwa za magharibi. Nia ilikuwa kuondoa uongozi wa taifa na kuwafanya waliosalia kuwa vibarua. Tarehe 6 Novemba 1939 maprofesa wa Chuo Kikuu cha Kraków waliitwa mkutanoni, na humo humo wakakamatwa na kupelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Vyuo vikuu na shule za sekondari za Kipolandi zilifungwa. Mtoto wa Kipolandi aliachiwa masomo ya chini tu, na ufundi wa kumwezesha kutumika. Jawabu la Wapolandi lilikuwa mafunzo ya siri: walimu walifundisha vikundi vidogo vidogo majumbani, wakafanya mitihani na kutoa vyeti, na mwalimu aliyegunduliwa aliweza kuuawa.

Kwa Wayahudi wa Polandi nia ilikuwa maangamizi kamili. Walifungiwa katika mitaa maalumu ya miji, kisha wakapelekwa katika kambi za kuulia watu, kama Treblinka, Bełżec, Sobibór na Auschwitz. Tarehe 19 Aprili 1943 Wayahudi waliosalia katika mtaa wa Warsaw walishika silaha, wakapigana karibu mwezi mzima. Tarehe 1 Agosti 1944 mji mzima wa Warsaw uliinuka dhidi ya Wajerumani, ukapigana siku 63, na ulipokwisha kushindwa ukabomolewa karibu wote. Kwa jumla raia wa Polandi wapatao milioni 6 walikufa katika vita, na karibu nusu yao walikuwa Wayahudi.

Upande wa mashariki, Warusi walitumia njia nyingine. Mali ilitaifishwa, viongozi walifungwa, na katika majira ya kuchipua ya mwaka wa 1940 maofisa, mapolisi na watu wengine wenye elimu wapatao 22,000 waliuawa kwa siri, wengi wao askari waliochukuliwa mateka. Mauaji hayo yajulikana kwa jina la msitu wa Katyn. Moscow iliyakana kwa karibu miaka 50, ikakiri mwaka wa 1990. Pamoja na hayo, jamaa nzima nzima zilihamishwa. Uhamisho wa kwanza ulianza usiku wa tarehe 10 Februari 1940, wakati wa baridi kali. Uliofuata ulikuwa Aprili, kisha Juni mwaka huo, na wa mwisho Mei na Juni 1941. Hesabu za zamani zilitaja watu zaidi ya milioni moja. Hati za serikali ya Urusi zilizofunguliwa baada ya mwaka wa 1989 zaonyesha kwamba waliohamishwa katika safari hizo nne walikuwa kama 320,000. Hata kwa hesabu hiyo ndogo, jambo ni lile lile: mlango uligongwa usiku, watu wakapewa muda mfupi wa kufunga mizigo, kisha wakapakiwa katika mabehewa ya shehena na kupelekwa kukata magogo Arkhangelsk na Siberia, au kulima katika mashamba ya pamoja ya Kazakhstan.

3. Msamaha wa wasio na kosa, na safari ya kusini

Ujerumani iliposhambulia Urusi mwezi wa Juni 1941, Stalin alihitaji marafiki. Tarehe 30 Julai serikali ya Polandi ya London ilipatana na Moscow, na mwezi wa Agosti Wapolandi waliohamishwa wakatangaziwa msamaha. Neno hilo lilikuwa na uchungu. Msamaha hutolewa na aliyekosewa kwa aliyekosa, na hapa mkosaji ndiye aliyesamehe. Ila lilikuwa neno lililofungua mlango, na watu hawakukaa kubishana nalo.

Jenerali Władysław Anders, aliyetolewa gerezani Moscow, alipewa ruhusa kuunda jeshi la Polandi ndani ya Urusi. Habari zilipoenea, watu walianza kutoka misituni na mashambani, wakifuata jeshi kusini mpaka Uzbekistan na nchi za jirani. Wengi hawakufika. Homa ya matumbo, homa ya chawa na njaa ziliua watu njiani na kambini, na watoto wengi wakabaki yatima. Mwaka wa 1942, mwezi wa Machi na Aprili, na tena mwezi wa Agosti, jeshi na waliolifuata walivuka Bahari ya Kaspi kutoka Krasnovodsk mpaka Pahlavi, bandari ya Uajemi. Waliotoka hivyo walikuwa kama 115,000, na karibu 40,000 kati yao hawakuwa askari. Kwa hao waliosalia nyuma mlango ulifungwa tena.

Askari walikwenda Iraki, Palestina na Misri, na mwisho Italia, ambako tarehe 18 Mei 1944 waliteka magofu ya nyumba ya watawa ya Monte Cassino. Lakini wanawake, watoto na wazee wakae wapi? Uajemi haikuweza kuwaweka wote, na vita vilikuwa karibu. Waingereza wakatafuta nafasi katika himaya yao. Wengine walikwenda Bara Hindi, mia chache New Zealand, na wengine Mexico. Kundi kubwa la raia hao, lipatalo watu 18,000, lilipelekwa Afrika. Walishuka katika bandari za Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Beira, kisha wakagawanywa katika kambi: Uganda palikuwa na Masindi na Koja, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, palikuwa na Abercorn, Bwana Mkubwa na nyinginezo, Rhodesia ya Kusini na Kenya nazo zilipata sehemu yao. Katika Tanganyika kambi zilikuwa Tengeru, Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro. Kidugala palikuwa kituo cha wamisionari wa Kijerumani, ambao wenyewe walikuwa wameondolewa kwa sababu ya vita. Hivyo Mjerumani alitolewa ili aingie mtu aliyetolewa kwake, kwa sehemu, na Wajerumani.

Kijana wa Kipolandi wa zama zile hakuwa mtu asiyejua lolote juu ya Afrika. Alikuwa amesoma, au amesomewa, kitabu cha Henryk Sienkiewicz kilichotoka mwaka wa 1911, kisa cha watoto wawili waliopita jangwa na nyika kutoka Sudan kuelekea pwani ya Mombasa. Katika kitabu hicho Mwafrika ni mtumishi au ni hatari. Kwa watoto wengi, Afrika waliyoitazama kutoka dirisha la gari la moshi ilikuwa imekwisha andikwa, na waliyemkuta ndani yake ilibidi wamsome upya.

4. Maisha ya Tengeru

Tengeru, karibu na ziwa dogo la Duluti, ilikuwa kubwa kuliko kambi nyingine zote za Afrika, ikiwa na watu wapatao 5,000. Ilifunguliwa mwaka wa 1942. Nyumba zake zilikuwa za duara, kuta zimepakwa chokaa, mapaa yameezekwa kwa nyasi na majani, zimepangwa mistari kama kijiji. Palikuwa na hospitali, shamba, karakana, ukumbi wa michezo, na mahali pa ibada pa Wakatoliki, Waothodoksi na Wayahudi. Wakazi walikuwa hasa wanawake na watoto, kwa kuwa wanaume wenye nguvu walikuwa jeshini, au wamekufa, au hawakujulikana walipo. Mwingereza alikuwa mkuu wa kambi, na chini yake Wapolandi walijiendeshea mambo yao. Gharama zilibebwa na serikali ya Polandi ya London kwa fedha ilizokopa kwa Waingereza.

Jambo la kwanza walilolishughulikia baada ya chakula na makazi lilikuwa shule. Palikuwa na shule za msingi, sekondari na za ufundi, na vitabu vya Kipolandi vilivyopigwa chapa Jerusalemu vililetwa. Walimu walikuwa wachache, na wengine walikuwa wagonjwa. Kulikuwa na watoto wa miaka 12 ambao hawakuwa wameketi darasani tangu walipochukuliwa, na wengine walikuwa wamefundishwa Siberia kwa Kirusi kwamba Polandi haiko tena. Mwaka ule ule mwalimu wa Warsaw alikuwa akifundisha historia jikoni, mtu mwingine akilinda mlango. Mwalimu wa Tengeru alifundisha historia ile ile hadharani, chini ya paa la nyasi, naye hakuwa na haja ya mlinzi. Hapo ndipo twaona utawala wa adui na uhamisho kuwa habari moja. Adui alikataza shule, na waliohamishwa waliijenga kwanza popote walipotua.

Kiswahili nacho kiliingia. Watoto walijifunza sokoni, njiani na kwa watumishi wa kambi, upesi kuliko mama zao. Walijifunza majina ya matunda, hesabu na salamu, na wengi walipokwisha kuzeeka Uingereza, Kanada na Australia walikuwa bado wana maneno hayo. Lakini tusikuze jambo hili. Kiswahili cha kambi kilikuwa hasa cha kuagiza na kununua, na kilikwenda upande mmoja. Meru aliyechota maji au kupasua kuni kwa ajili ya kambi alijifunza maneno ya Kipolandi ya kazi tu. Shule ya jirani yake haikuwa yake.

5. Wenyeji ambao hawakuulizwa

Serikali ya Kiingereza ilikuwa na shaka na wageni hawa, na shaka hiyo yaeleza mengi. Utawala wa kikoloni ulisimama juu ya dhana kwamba Mzungu ni tajiri, ana elimu na anatumikiwa. Sasa walikuja Wazungu maskini, waliovaa nguo za kupewa, wanawake waliofua, waliolima na kufyatua matofali kwa mikono yao. Waafrika waliwaona. Serikali iliogopa kwamba heshima ya rangi ingepungua, kwa hiyo kambi zikawekwa mbali na miji, na mahusiano ya karibu kati ya Wapolandi na Waafrika yakachukiwa. Wapolandi nao walikuwa katika hali ya ajabu: walikuwa chini kuliko walowezi wa Kiingereza, na juu kuliko wenye nchi. Mama aliyekata magogo Siberia akiwa mtumwa alipata Tengeru kijana wa kumkatia kuni. Hakuiunda desturi hiyo, ila aliingia ndani yake na wengi walikaa humo bila kuiuliza.

Wakati huo huo Tanganyika yenyewe ilikuwa vitani. Watu wapatao 87,000 waliingia jeshini, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa. Katika Mara, hasa miongoni mwa Wakurya, kazi ya uaskari katika King's African Rifles, ambayo watu waliiita Keya, ilikuwa imekwisha kuwa desturi, na vijana wengi walikwenda. Askari wa Afrika ya Mashariki walipigana Habeshi, Madagaska na Burma. Mwaka ule ule wa 1944 ambao Wapolandi walipanda Monte Cassino, kikosi cha Afrika ya Mashariki kilishuka bonde la Kabaw katika mvua za Burma. Nyumbani, makumi ya maelfu ya watu walichukuliwa kwa amri kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya chakula, na mwaka wa 1943 sehemu nyingi zilipata njaa. Katika hali hiyo watu wa Tanganyika walipokea wageni elfu kadhaa. Walitoa ardhi, kazi na sehemu ya chakula. Hapakuwa na baraza lolote la wananchi lililokaa kuamua jambo hilo, kwa kuwa hapakuwa na baraza la wananchi la kuamua jambo lolote.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii watoka mlima ule ule wa Meru. Mwezi wa Novemba 1951, kambi ya Tengeru ikiwa katika siku zake za mwisho, serikali iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili nchi yao itengwe kwa wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa na mifugo ilisukumwa njiani. Wameru hawakushika silaha. Walikataa kuafiki, wakachanga fedha, na mwaka wa 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa New York, maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini kesi hiyo iliamsha nchi nzima. Kwa hiyo katika muda wa miaka kumi mlima mmoja ulipokea watu waliofukuzwa kwao, kisha ukaona watu wake wenyewe wakifukuzwa, na serikali iliyofanya mambo hayo mawili ilikuwa moja. Asiyeulizwa anapopokea mgeni hataulizwa pia anapoondolewa.

6. Kutawanyika

Mwezi wa Februari 1945 Churchill, Roosevelt na Stalin walikutana Yalta. Mashariki ya Polandi, ambako karibu wote wa Tengeru walitoka, ilibaki kwa Urusi. Tarehe 5 Julai 1945 Uingereza ilikubali serikali mpya ya Warsaw, na serikali ya London, iliyokuwa baba na mama wa kambi, ikaacha kutambuliwa. Mpolandi aliyepigana upande wa washindi alijikuta ameshinda vita na kupoteza nyumba. Askari wa Kikurya aliyerudi kutoka Burma alikuta nyumba yake ipo, na nchi yake bado si yake. Wote wawili walijifunza kwamba kupigana pamoja na wakubwa si sawa na kushauriana nao.

Ulezi wa kambi ulichukuliwa na UNRRA, kisha kuanzia mwaka wa 1947 na shirika la kimataifa la wakimbizi, IRO. Wachache walirudi Polandi. Wengi waliogopa au walikataa, wakaenda Uingereza, ambako askari wengi walikuwa wamepewa ruhusa kukaa, au Australia na Kanada. Mwaka wa 1949 padre Łucjan Królikowski aliwachukua yatima wapatao 150 wa Tengeru, akapita nao Ulaya mpaka Kanada. Serikali ya Warsaw ililalamika mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba watoto wametekwa nyara. Hata yatima, basi, waligombaniwa na dola, na walezi wao walisema kwamba watoto hao wana haki kuchagua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ilikwisha. Mahali pake pana chuo cha mifugo leo, na ndani ya eneo hilo kuna makaburi kama 150 yanayotunzwa: mengi yana misalaba ya Kikatoliki, machache ya Kiothodoksi, na moja lina nyota ya Daudi. Masindi, huko Nyabyeya, kanisa walilolijenga Wapolandi lasimama bado na wenyeji wasali humo.

7. Neno mkimbizi

Yafaa tutazame kidogo maneno, maana lugha huhifadhi hukumu ambazo watu husahau kuzitoa. Kiswahili humwita mtu wa namna hii mkimbizi. Neno hili limetokana na kukimbia, kwa njia ile ile ambayo mjuzi limetokana na kujua. Lamtaja anayekimbia, ila halimtaji aliyemfukuza. Kwa Wapolandi wa Tengeru neno hilo halitoshi. Wao hawakukimbia kwao. Walihamishwa, na mhamishwa ni neno lenye mtendaji ndani yake: kuhama ni kazi ya mtu mwenyewe, kuhamisha ni kazi ya mwingine juu yake, na kuhamishwa ni hali ya aliyefanyiwa. Kutoka Urusi ndipo walipokimbia, wakawa wakimbizi. Wameru wa Engare Nanyuki vile vile walikuwa wahamishwa, ingawa hawakuvuka mpaka wowote, na kwa sababu hiyo hapakuwa na shirika la kimataifa lililowahesabu.

Neno la pili ni kimbilio. Kutoka kukimbia tumepata kukimbilia, na kutoka hapo kimbilio, yaani mahali pa kuelekea wala si pa kuondoka tu. Mkimbizi huwa na kimbilio pale ambapo kuna mtu mwingine, mwenye mahali. Kiswahili chamwita huyo mwenyeji, na adabu yote ya ugeni katika nchi zetu, tangu pwani mpaka bara, yategemea kwamba mgeni apiga hodi na mwenyeji ajibu karibu. Tengeru hodi ilipigwa kwa Gavana, na Gavana ndiye aliyejibu. Hilo ndilo pengo tunalolitaja. Halimwondolei mgeni haki yake, wala halipunguzi mateso yake. Laonyesha tu kwamba neno karibu lilisemwa na asiye mwenye nyumba.

8. Kutoka Butiama

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka wa 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka wa 1934, akaenda Tabora, na kutoka mwaka wa 1943 mpaka 1945 alikuwa Makerere. Katika miaka hiyo hiyo kambi ya Koja, yenye Wapolandi wapatao 3,000, ilikuwa katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Viktoria, ziwa lile lile linalopiga mawimbi Musoma. Alipokuwa kiongozi wa nchi huru, hodi zilianza kupigwa kwa wenye nyumba wenyewe. Walikuja Wanyarwanda, Wakongo, Wamsumbiji waliokimbia vita vya Wareno, na Warundi baada ya mauaji ya 1972. Tanzania iliwapa ardhi ya kulima, na mwaka wa 1980 ilitangaza kwamba Wanyarwanda wapatao 36,000 watapewa uraia. Mwaka wa 1983 Nyerere alipewa nishani ya Nansen, itolewayo kwa waliowasaidia wakimbizi. Mwaka wa 2014 Warundi zaidi ya 160,000 walikuwa wamekubaliwa kuwa raia.

Hata hivyo si kila jawabu la mwenyeji ni karibu. Mwezi wa Desemba 1996 Tanzania iliwarudisha kwao Wanyarwanda wapatao nusu milioni, na wengi wao hawakutaka kurudi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba nchi huru huwa na huruma daima na nchi inayotawaliwa haina. Wapolandi waliokolewa na mtawala, na kuna waliosukumwa na mwananchi. Tofauti iko mahali pengine. Jambo lililofanywa na nchi huru, jema au baya, lina mtu wa kuulizwa. Mwananchi wa Bunda aweza kusifu uamuzi wa 1980 na kulaumu wa 1996, kwa kuwa yote mawili yalifanywa kwa jina lake. Uamuzi wa 1942 haukufanywa kwa jina la mtu wa Tanganyika, ingawa jembe, kuni na ardhi vilikuwa vyake.

Twamaliza kwa kusema kwamba historia ya Wapolandi wa Tengeru yastahili nafasi katika vitabu vyetu, si kama habari ya wageni waliopita, bali kama sura ya historia ya Tanganyika. Yapasa iandikwe pamoja na ya Wameru wa Engare Nanyuki na ya askari wa Keya wa Mara, katika sura moja. Wapolandi wa kambi ile walitufundisha kwamba taifa laweza kuishi bila nchi, maadamu lina shule na lugha yake. Wenyeji wao walikuwa na nchi chini ya miguu, nao wakatumia miaka 19, tangu 1942 mpaka 1961, kupata haki ya kuwa wao wenyewe wa kusema karibu.